Kapu la Siku Nane

Consolatha aliapa akiwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa mwanawe mwenyewe, chai ikimpolea mkononi. Hakuapa kwa sauti. Aliapa kimoyomoyo kwamba jirani yake Marsiana ataumbuka, na ataumbuka mchana kweupe mbele ya watu, na utakaomwumbua ni mdomo wake mwenyewe.

Hebu fikiria. Umeamka alfajiri Kirushya, wilayani Ngara, umepanda gari hadi Biharamulo, ukachukua bodaboda hadi Nyarubungo, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma na kuku wawili wamening'inia ubavuni. Unakwenda kumwona mjukuu wako wa kwanza, binti wa siku kumi na mbili, mtoto wa Ildefonce, mwanao wa pekee. Unafika, unanawa mikono kwa sabuni, unaikausha vizuri, unainyoosha. Na mkaza mwanao Frida anamhamishia mtoto bega la pili na kukuambia, "Mama, pumzika kwanza, umechoka na safari."

Consolatha akapumzika. Akaulizwa habari za Ngara, akajibu. Akanyoosha mikono mara ya pili, na safari hii aliyejibu ni mama yake Frida, ambaye alikuwa amekuja kumhudumia binti yake baada ya kujifungua. "Mama Ildefonce, usituelewe vibaya," alisema. "Tumesikia ya huko kwenu. Mtoto bado mchanga sana. Wewe mtazame tu." Wakamfunua mtoto uso, wakamwinua kidogo ili bibi yake amwone kutoka pale pale alipokaa, kama mteja anavyoonyeshwa kitambaa ambacho muuza duka anajua hatakinunua. Ildefonce alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake. Mwanamume mzima.

Ya huko kwenu. Sasa ya huko kwao yalikuwa hivi.

Wanawake ishirini wa kikundi pale Kirushya walikuwa wamejenga kibanda cha mkaa. Kuta zake zilikuwa za wavu, wavu wa ndani na wavu wa nje, katikati wakajaza mkaa, na mkaa ulimwagiwa maji asubuhi na jioni ili upepo ukipita upoe na kupoza kibanda chote. Humo walihifadhi maharage machanga, yale yanayotambaa juu ya miti, ambayo huchumwa maganda yakiwa bado mabichi na mororo. Kila Alhamisi Raya alikuja na pikapu kuyachukua. Huyu Raya alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, wa moja ya zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walitoka pwani wakaja kufungua maduka wakabaki. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Marsiana, mama yake Nimpaye, na siku za Raya yeye ndiye aliyetoa mzigo nje na kurudisha uliobaki. Ufunguo wa kibanda aliushika Consolatha, na hilo halikupigiwa kura, maana katika kutunza maharage machanga hakuna aliyemfikia.

Na ustadi wake haukuanza na kibanda. Pale kijijini kwao kuna jambo wanaloliita kapu la siku nane. Kijana akija kuoa, ndugu zake huleta kapu la maharage machanga yaliyochumwa siku hiyo hiyo, wakamkabidhi mama wa binti. Mama hukaa nalo siku nane. Siku ya tisa binti hurudi kwao kusalimia akifuatana na wakwe, na shangazi wa bwana harusi hulifungua kapu mbele ya wote, akachagua ganda moja akalivunja. Likikatika kwa mlio na kutoa umajimaji, vigelegele hupigwa. Likipinda tu kama kamba, watu hucheka, na kicheko hicho hakiishii hapo: bibi harusi atakumbushwa kila siku atakayounguza chakula kwamba ametoka nyumba isiyojua kutunza kitu. Kwa miaka ishirini akina mama wa Kirushya walipopokea kapu walilipitisha nyuma ya migomba hadi kwa Consolatha, na siku ya nane jioni wakalifuata. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Basi mwezi wa kumi Consolatha akafiwa na mumewe. Mwezi wa kumi na moja maharage yakaanza kuoza kibandani. Akikuta maganda yamelowa, aliyafuta moja moja kwa kanga yake, akadhani mkaa unavuja, akapunguza maji ya ukutani. Wapi. Madoa ya kutu, utelezi, harufu. Alihangaika peke yake, na msiba bado mbichi kifuani.

Wiki ya kwanza ya Desemba Marsiana akaitisha kikao. Akasimama na daftari mkononi, akakohoa, akasema hasemi kwa ubaya. Mshika ufunguo, alisema, ni mtu aliyefumba macho ya maiti kwa mkono wake, kisha akaingia kibandani kabla hata matanga hayajaanuliwa. Wazee walikuwa na neno lao, mkono wa moto. Mkono wa namna hiyo ukishika mbegu haioti, ukishika maziwa yanaharibika, na watoto wachanga ndio usiseme. Wanawake wengi wa kikao kile walikuwa wamesoma, na siku nyingine yoyote wangecheka. Lakini harufu ilikuwa inatoka kibandani pale pale huku Marsiana akizungumza, na mtu akishasikia harufu hatafuti sababu ya pili. Wakamwomba ufunguo. Akautoa.

Tangu siku ile hakuna aliyemwazima mbegu. Kwenye shughuli hakuitwa tena kumenya ndizi, aliambiwa akae akapumzike, mjane wa watu. Wanawake waliomlisha na kulishwa naye walianza kumpokea vitu kwa ncha za vidole. Na maneno yakapanda gari yakafika Nyarubungo kabla yake.

Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye kigoda, na chai imepoa. Alilala siku mbili kwa mwanawe bila kumgusa mtoto hata unywele. Usiku alimsikia akilia chumba cha pili, akasikia mwanamke mwingine akimbembeleza.

Wakati wa kurudi alilikosa gari la Ngara, akaenda kujikinga jua kwenye duka la Raya pale mjini. Raya akatoka nyuma ya kaunta akamvutia kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Siku hizi sikuoni Kirushya. Na mimi mwenyewe nimeacha kuchukua mzigo kwenu." Raya alikaa karibu naye. "Nilimwambia mwenyekiti wenu mapema kabisa aache yale maji."

"Maji gani?"

"Ya kunyunyizia. Nikiwahi kufika namkuta na jagi anayarushia maharage maji, eti yang'ae yaonekane yamechumwa sasa hivi. Nisiyoyachukua anayarudisha ndani yamelowa. Ganda likilowa limekwisha, mama, wewe unajua kuliko mimi. Nilimwambia hayo mwezi wa kumi na moja, binti yake Nimpaye amesimama hapo hapo. Alicheka."

Kumbe Marsiana alijua. Alikuwa ameambiwa kwa maneno ya Kiswahili kabisa kinachooza maharage, na baada ya hapo ndipo akasimama na daftari lake akamtafuta mjane wa kumbebesha. Kama angekosea bila kujua, Consolatha angelia, na kiapo chake kingeishia hapo. Lakini alijua.

"Nikija mimi nikawaeleza?" Raya aliuliza.

"Usije. Atasema nimekununua, na wewe ni mgeni kule. Nataka aseme yeye."

Akasubiri. Watu waliokuwa wakimwona akipalilia maharage yake bondeni, kichwa chini, walisema mama Ildefonce amekubali yaishe. Amekubali nini? Kila jioni alihesabu umri wa mjukuu wake. Miezi miwili, sasa anacheka. Minne, sasa anageuka kifudifudi. Sita, meno. Kila alichohesabu alikiweka kwenye hesabu ya Marsiana. Ildefonce alipiga simu akasema mama, vumilia, watu wa Frida wataelewa taratibu. Akamjibu kwamba yeye anavumilia vizuri sana.

Mwezi wa saba zikaja habari kwamba Nimpaye amepata mchumba. Kijana alikuwa anaitwa Shibuda, Msukuma, mkulima wa huko huko Nyarubungo, na ndugu zake walikubali kufuata desturi za upande wa binti, kapu likiwemo. Harusi ingekuwa katikati ya mwezi wa nane, kiangazi. Consolatha alipopata habari hizo alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Maana mama wa binti sasa alikuwa Marsiana. Na Marsiana hakujua kutunza hata ganda moja.

Kapu lilikuja Jumamosi kwa vigelegele. Jumamosi hiyo hiyo, wageni walipoondoka na bibi harusi wao, Marsiana alionekana akishuka bondeni kwa hatua za mtu aliyepotelewa na mbuzi, akatokea kwenye shamba la Consolatha.

"Mama Ildefonce. Habari za siku nyingi."

"Nyingi kweli."

"Kapu limekuja."

"Nimesikia vigelegele."

Marsiana alikwanyua jani la mharage, akalizungusha vidoleni. "Mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali, na ukanishusha njiani."

"Ah, yale yalikuwa maneno ya kikao tu. Mimi nasema unisaidie kama ulivyokuwa unawasaidia wenzetu. Nitalileta mwenyewe kwa huku nyuma ya migomba. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua. Mbele ya watu mkono wa moto, nyuma ya migomba mkono wa kuombwa. Consolatha alishika mpini wa jembe kwa nguvu hadi vidole vikamuuma, kisha akaongea kwa upole ambao yeye mwenyewe aliushangaa.

"Kapu lako siligusi, mama Nimpaye. Mkono wangu una moto, ulisema mwenyewe, nisije nikakuharibia. Lakini maarifa sikunyimi. Kesho baada ya misa njoo bombani, nitakueleza yote mbele ya wenzetu, asije mtu akasema kuna nilichoficha."

Na hapo ndipo penyewe. Consolatha alikuwa amekaa jirani na Marsiana miaka thelathini, akamjua kama anavyojua jiko lake. Marsiana huamini kwamba kila mtu hufanya vile ambavyo yeye angefanya. Yeye akiuza karanga huweka nzuri juu na mbovu chini, kwa hiyo akinunua za mwenzake lazima azamishe mkono hadi kwenye kiwiko. Ukimsifia kitenge anauliza unataka nini. Mtu wa namna hiyo, akishakukosea haki halafu akakuomba msaada, huwezi kumwambia uongo akauamini. Lakini ukimwambia kweli? Kweli ataiogopa kama sumu. Consolatha aliamua kumwambia kweli tupu, yote, bila kupunguza wala kuongeza.

Jumapili bombani walikuwepo wanawake saba na ndoo zao. Consolatha alisimama akaongea kwa sauti, kama msomaji wa matangazo kanisani.

"Mama Nimpaye ameniuliza namna ya kukaa na kapu. Sikieni na ninyi. Usiyaoshe. Tone la maji lisiguse ganda, hata kwa bahati mbaya. Chagua, kila lenye doa au lililovunjika litoe, hilo moja linaozesha kapu zima. Vikonyo usivikate."

"Hata vumbi tusifute?" mmoja akauliza.

"Futa kwa kitambaa kikavu. Kisha tafuta vyungu viwili, kidogo kiingie kwenye kikubwa, katikati weka mchanga. Maharage yanalala kwenye kile kidogo, tabaka la maharage, tabaka la majani makavu ya mgomba. Mchanga ndio unaomwagia maji, asubuhi na jioni. Maji yakae nje, ndani pawe pakavu. Juu funika gunia lenye unyevu lisilogusa maharage. Fungua mara moja tu kwa siku, kabla jua halijapanda, toa lililoanza kulegea, funika." Akamgeukia Marsiana kabisa, uso kwa uso. "Na hili ndilo kubwa. Usiyaweke karibu na ndizi zinazoiva. Ndizi mbivu inayazeesha maharage. Umenielewa? Mbali kabisa na ndizi."

Kisha akatabasamu. Katika yote aliyoyafanya, uovu wake ulikuwa ni lile tabasamu peke yake. Alilitoa makusudi, pana, tamu, na akaona macho ya Marsiana yakilishika.

"Asante mama," Marsiana alisema. "Mungu akulipe."

Wanawake wawili watatu walikwenda kujaribu kwa maharage yao wenyewe, maana nani asiyependa kujua kilichokuwa kikifanyika nyuma ya migomba miaka yote hiyo. Marsiana alirudi kwake akafanya hesabu zake. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha nyuma kilichojaa ndizi zilizofunikwa ziive kwa ajili ya pombe ya siku ya tisa. Amenikataza ndizi, akajiambia, basi siri iko kwenye ndizi. Amenikataza maji kwa sababu anataka yanyauke, kama Raya alivyonikataza ili ashushe bei. Haya Consolatha hakuyasikia kwa masikio yake, lakini siku ya tatu, akipita njia ya juu na kuni kichwani, alimwona kwa macho. Marsiana alikuwa anaingia chumba cha ndizi na jagi mkononi.

Usimwone mbaya sana Consolatha, hakulala vizuri. Alikuwa anamfikiria Nimpaye. Huyo binti hakuwahi kuacha kumsalimia, hata wakati wenzake walipokuwa wanabadili njia. Sasa ndiye atakayechekwa ugenini. Siku ya tano Consolatha alifunga kanga akapanda hadi kwenye uzio wa Marsiana. Neno moja tu lingetosha: yatoe humo. Siku tatu zilikuwa zimebaki, pengine nusu ya kapu ingeokoka. Alisimama pale, akasikia harufu ya ndizi mbivu. Akakumbuka ile sauti, wewe mtazame tu. Akageuka akarudi kwake, akapika, akala, akalala.

Siku ya tisa uwanja wa Marsiana ulijaa. Wakwe walishuka kwenye basi dogo wakiwa wamependeza, Nimpaye mbele na kitenge kipya, Shibuda nyuma yake akitoa jasho ndani ya koti. Na miongoni mwa waliowasindikiza alikuwemo Frida, kwa kuwa nyumba yao na ya kina Shibuda zilipakana, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto. Mtoto wa miezi minane, mashavu yamejaa. Consolatha alimwona kutoka kwenye safu ya nyuma. Frida akasema, "Shikamoo mama," akiwa mbali, akaenda kukaa upande wa wakwe.

Shangazi yake Shibuda aliitwa Limi. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na sauti, ambaye hakujua lolote la kikundi wala kibanda, na alikuwa ameambiwa kazi yake asubuhi ile ndani ya gari. Kapu likaletwa limefunikwa jani bichi. Limi alilisogelea akasita, akajishika pua kidogo, halafu akafunua.

Maharage yalikuwa yamegeuka manjano. Ya chini yalikuwa yameshikana kwa utelezi, na juu yake ukungu mweupe. Limi akachukua ganda moja lililoonekana afadhali, akalipinda. Likalala kwenye vidole vyake. Vijana upande wa wakwe wakaanza kucheka, na Nimpaye akainamisha kichwa.

"Huku kwenu ndivyo mnavyotunza?" Limi aliuliza.

Hapo mwanamke mmoja wa kule bombani hakuvumilia. Aibu ilikuwa inakiangukia kijiji kizima. Alikuwa amekuja na maharage yake kwenye kikapu, aliyotaka kujigamba nayo kwa wenzake, akapita mbele akampa Limi. "Haya nayo yana siku nane. Vunja."

Limi akavunja. Ganda likakatika kwa mlio, umajimaji ukamrukia kidoleni. Akavunja la pili, la tatu.

"Nani amekufundisha?"

"Consolatha, yule pale nyuma. Alitufundisha sote siku moja. Na mama wa binti alikuwepo, yeye ndiye aliyefundishwa hasa."

Limi akamgeukia Marsiana. "Ulifundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Mbona hukufuata?"

Marsiana alitazama kapu, akatazama watu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nilijua ananidanganya," alisema.

"Akudanganye?" Limi alishangaa kweli, hakuwa na hila yoyote. "Mtu amesimama mbele za watu akakufundisha kazi, akudanganye kwa nini? Kwani ulimfanya nini?"

Wageni walisogea kwa kutaka kujua, wenyeji waliinamisha macho kwa sababu swali lile liliwafikia na wao. Nimpaye ndiye aliyeinua kichwa, machozi yanamtiririka kwenye poda ya harusi. "Mama, sema wewe. Usiposema nitasema mimi. Nilikuwepo Raya alipokukataza."

"Maji yalikuwa yangu," Marsiana alisema, akitazama chini.

"Sisikii," alisema Limi.

"Nimesema maji nilimwaga mimi. Kwenye maharage ya kikundi. Niliambiwa yanayaozesha nikaendelea. Mkono wa mama Ildefonce hauna kitu. Nilimsingizia."

Alhamdulillahi, angesema Raya kama angekuwepo. Consolatha yeye utamu ulimshuka kifuani taratibu hadi kwenye magoti, utamu ambao tangu azaliwe hakuwahi kuuonja, na hakuuonea haya hata kidogo. Alitazama uso wa Marsiana kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani. Wanawake waliompokea vitu kwa ncha za vidole walikuwa wanajitazama mikono. Mmoja akaanza kusema jamani mama Ildefonce, sisi tulidhani, na Consolatha hakumgeukia.

Alikuwa anamtazama Frida. Frida alikuwa amesimama na anafungua mbeleko. Akapita katikati ya watu na mtoto mikononi, uso umemwiva kwa aibu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "mpokee."

Consolatha akanyoosha mikono, na safari hii mtoto akawekwa ndani yake. Alikuwa mzito kuliko alivyokuwa amemwota. Alinukia maziwa na mafuta ya nazi. Consolatha akamkumbatia, akaweka shavu lake kwenye kichwa chake, na kwa muda wa kama pumzi mbili hakukuwa na Marsiana duniani.

Kisha mtoto akajivuta nyuma kumtazama. Akaangalia kilemba, akaangalia macho, akaangalia mdomo. Mdomo wake mwenyewe ukaanza kutetemeka. Akapiga ukelele, akamsukuma bibi yake kifuani kwa viganja vyote viwili, akajipinda mwili mzima kumtafuta mama yake. Consolatha akambembeleza. Akamwimbia ule wimbo aliomwimbia Ildefonce, kwa Kihangaza, lugha ya kwao, taratibu, sikioni. Mtoto akazidi, uso umekuwa mwekundu, pumzi zinamkatika.

"Siku hizi anabagua watu, mama," Frida alisema kwa sauti ndogo. "Anakubali wa nyumbani tu."

Consolatha akamrudisha. Mtoto akashika shingo ya mama yake kwa mikono miwili, akanyamaza pale pale, na kutoka begani akaendelea kumtazama yule mwanamke mgeni kwa woga.

Marsiana aliona mambo yametulia, akaona hapo ndipo pa kuingilia. Akaja akapiga magoti vumbini na gauni lake la shughuli, watu wote wanaona, akashika pindo la kanga ya Consolatha. "Nisamehe, mama Ildefonce. Mbele ya hawa wote. Sema chochote unachotaka nikulipe."

Watu walisubiri. Walikuwa wameshapata habari ya kusimulia mwaka mzima, sasa walitaka imalizike vizuri ili waende wakanywe pombe yao. Limi mwenyewe alikuwa ameshaweka mikono tayari kupiga makofi.

"Mtoto ana miezi minane," Consolatha alisema. "Nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Hiyo miezi. Ukishanirudishia, njoo tuzungumze habari za kusamehe."

Akaivuta kanga yake kutoka vidoleni mwa Marsiana. Akaenda upande wa wakwe, akakaa mkekani kando ya Frida, si karibu sana asije akamtisha mtoto, akaweka mikono yake mapajani. Chakula kikaanza kugawiwa, watu wakaanza kuongea tena. Marsiana alikuwa bado amepiga magoti katikati ya uwanja wake mwenyewe, akingoja aambiwe ainuke. Consolatha alimwona vizuri kutoka pale alipokaa, na hakumwambia.